Kifungo

Fundi Nyamhanga hashoni vifungo.
Suruali anakata, kola iliyochakaa anaigeuza,
zipu ya sketi ya shule anaibandua na kuirudisha
mwenye sketi akiwa bado amesimama na kanga,
lakini shati likifika kifuani analikunja,
ananipa nivuke barabara ya vumbi
kwa Bi Sikudhani, shilingi mia kila kimoja.
Miaka minne nilidhani ni macho.

Wateja humtania: fundi gani asiyejua kifungo?
Yeye hujibu, pini mdomoni:
"Nakijua. Nakitumikia."

Kisha ukaja usiku ule wa Februari,
ghala la mabomu lilipopasuka
na Gongo la Mboto nzima ikakimbia
kila mtu na kandambili moja.
Mimi nilijibanza chini ya cherehani.
Yeye alikaa kizingitini, anasikiliza.
"Hilo limepita. Hilo la Pugu. Hilo... lala!"
Nikalala. Bati la jirani likaondoka.
Sauti yake ilikuwa ya kijana wa miaka ishirini na mbili,
na, Mungu anisamehe kwa kusema,
ilikuwa na furaha.

Karibu na alfajiri kukawa kimya.
Hapo ndipo mikono yake ilipoanza kutetemeka.

"Wa mbali hawanisumbui," akasema.
Sikuwa nimeuliza.
"Tulirusha mizinga nyuma ya kilima,
kilima kikatoa moshi, tukala ugali.
Ukitaka idadi nitakutajia moshi.

Mafunzoni tulipiga vibao vilivyochongwa umbo la mtu.
Kibao hakina mama.
Ukikipiga kinalala, kamba inavutwa, kinasimama,
unakipiga tena, mpaka mkono unaijua kazi
bila kumwuliza mwenye mkono.

Njia ya Masaka, kwenye migomba, akatokea mtu.
Mkono ukafanya kazi.
Hatua nne. Toka hapa mpaka kwenye pasi ile.
Akalala.
Nikangoja asimame."

Jogoo mmoja aliwika, akajutia, akanyamaza.

"Kifungo cha pili toka juu kilishonwa kwa uzi mwekundu.
Shati la kijani, uzi mwekundu, fundo kubwa kama tongotongo.
Mkewe? Mwenyewe, gizani, kwa haraka?
Fundi hawezi kushona vile.
Mtu anayekupenda anaweza.

Jeshini hawasemi kuua. Wanasema kusafisha, kunyamazisha.
Basi mimi nilimnyamazisha,
na tangu hapo yeye ndiye msemaji.

Tuliporudi tulipigiwa vigelegele.
Mama akaushika mkono huuhuu akaubusu,
nikauvuta kama nimeungua.
Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilishukuru.
Baadaye nikawachukia kwa kutouliza.

Mkono ulirudi Dar kwa lori, siku chache tu.
Roho niliiacha ije kwa miguu.
Nadhani sasa iko Chalinze."

Akacheka kidogo. Mimi sikuweza.

Kulipokucha watu walipita wakiita majina ya watoto.
Redio ikasema hali ni shwari.
Mlango wa Bi Sikudhani ulikuwa wazi,
chai imemwagika, mwenyewe hayupo,
na mtoto wa darasa la tatu akafika kwetu,
amevaa sare aliyolala nayo porini,
kifungo cha pili hakipo.
Anataka kwenda shule. Shule ipi, siku kama ile?
Lakini alisimama pale, ameshika shati kwa vidole viwili
kana kwamba hilo ndilo pekee lililoharibika.

Fundi alimtazama kifuani muda mrefu mno
hadi mtoto akarudi nyuma hatua moja.

Akachukua sindano. Akajaribu kutunga uzi,
mara tatu, mara nne, mate, tundu, hapana.
Akanipa mimi.

Nikanyoosha mkono kwenye uzi mweupe.
"Mwekundu," akasema.
"Fundi, mwalimu atamchapa."
"Achapwe."
Akageuka kupuliza makaa ya pasi,
na pasi ilikuwa haina makaa.